Herufi za Mabango: Historia ya Serifi Nene

Serifi ni vijimstari vinavyokatiza ncha za herufi, kama kile kinacholala chini ya mguu wa herufi l, au vile viwili vinavyoifunga herufi kubwa I juu na chini. Katika herufi za vitabu serifi huwa nyembamba, na aghalabu huungana na mguu wake kwa mkunjo laini. Iko aina moja ya herufi ambayo serifi zake ni nene karibu sawa na mguu wenyewe, na ncha zake zimekatwa mraba kama tofali. Aina hiyo, inayoweza kuitwa kwa ufupi serifi nene, ilizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 19. Ilibuniwa kwa ajili ya ukuta na barabara, imsimamishe mpita njia ambaye hakuwa na nia ya kusoma chochote. Kwa hiyo historia yake inakwenda sambamba na historia ya tangazo la biashara. Na mara nyingi umbo lake lilipobadilika, chanzo kilikuwa nyenzo zilizotumika kuitengeneza: risasi, mti, taipureta, filamu, na hatimaye kompyuta.

Kabla ya serifi nene

Tangu Johannes Gutenberg alipoanza kupiga chapa huko Mainz katika miaka ya 1450, herufi za risasi zilitengenezwa kwa kazi ya vitabu. Mchongaji alichonga herufi kinyumenyume kwenye ncha ya kipande cha feleji, akakigongomea katika shaba ili kupata kalibu, kisha mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni ukasubiwa ndani ya kalibu hiyo. Herufi zilizopatikana zilikuwa ndogo na nyororo, nazo zilikusudiwa msomaji aliyeketi na kitabu mkononi. Aliyetaka tangazo la mnada au la mchezo wa kuigiza alipangiwa herufi zilezile za vitabu, isipokuwa alichaguliwa zilizo kubwa kuliko nyingine.

Mwishoni mwa karne ya 18 mtindo uliotawala Ulaya ulikuwa ule wa Giambattista Bodoni kule Parma na wa ukoo wa Didot kule Paris. Herufi zao zilikuwa na miguu minene, na mistari mingine pamoja na serifi vilikuwa vyembamba mithili ya unywele. Kwenye karatasi nzuri, iliyochapwa kwa mkono wa fundi, zilipendeza sana.

Wakati huohuo London ilikuwa inabadilika. Sensa ya 1801 ilionyesha kuwa jiji hilo lina wakazi karibu milioni 1. Viwanda vilitoa bidhaa nyingi kuliko wanunuzi wa mtaa mmoja, kumbi za maonyesho zilishindana kwa watazamaji, na mawakala wa bahati nasibu ya serikali, iliyoendelea hadi 1826, walibandika matangazo yao kila mahali. Kuta zilijaa karatasi zilizopandana. Katika msongamano huo herufi ya kitabu, hata ikikuzwa, ilipotea.

Jaribio la kwanza la kutatua tatizo hilo lilikuwa kunenepesha herufi za mtindo wa Bodoni. Robert Thorne, mwenye kiwanda cha kusubu herufi katika mtaa wa Fann Street, anatajwa kuwa miongoni mwa waliozitoa mapema, mnamo 1803. Miguu ya herufi hizo ilivimba hadi ikakaribia kuziba matundu ya ndani, lakini serifi na mistari ya kuunganisha ilibaki myembamba vilevile. Hapo ndipo ilipokuwa kasoro. Mtu akisimama hatua 20 kutoka ukutani, mistari myembamba humtoweka machoni na herufi hubaki vipande vya weusi vilivyoachana. Isitoshe, mistari hiyo ilivunjika upesi chini ya uzito wa mashine. Serifi nene iliondoa kasoro zote mbili kwa pamoja, kwani kila sehemu ya herufi ilipata uzito unaotosha kuonekana kwa mbali na kuhimili kazi.

London, 1815

Kitabu cha sampuli cha Vincent Figgins, chenye tarehe ya 1815, ndicho kinachotajwa kuwa cha kwanza kuonyesha serifi nene zilizotengenezwa kwa kupiga chapa. Figgins alijifunza kazi kwa Joseph Jackson, mmoja wa wasubu herufi mashuhuri wa Uingereza, kisha akafungua kiwanda chake mwenyewe mnamo 1792. Herufi zake mpya zilikuwa kubwa tupu, bila herufi ndogo. Miguu na serifi zake zilikaribiana unene, na herufi nzima ilionekana kama imekatwa kutoka ubao mmoja. Aliziita Antique, yaani za kale, ingawa hakuna kitu cha kale kilichofanana nazo.

Thorne naye alitengeneza za kwake na kuziita Egyptian, za Kimisri. Alifariki mnamo 1820 kabla hajazitangaza ipasavyo, na kiwanda chake kikanunuliwa mnadani na William Thorowgood, mtu ambaye hakuwa wa fani hiyo. Kwa mujibu wa masimulizi ya biashara ya herufi, Thorowgood alilipa kwa fedha alizoshinda katika bahati nasibu. Sampuli alizozitoa baada ya hapo ndizo zilizozieneza herufi za Thorne na jina lake.

Jina hilo lilitokana na msisimko wa wakati. Napoleon alikuwa ameivamia Misri mnamo 1798, na Jiwe la Rosetta lilifika London mnamo 1802. Mapambo ya Kimisri yaliingia katika samani, vito na sura za majengo, na wafanyabiashara walijua kuwa kinachoitwa cha Kimisri kinanunuliwa. Maandishi ya Misri ya kale hayakuchangia chochote katika umbo la herufi hizo. Hata hivyo jina lilidumu: hadi leo Wafaransa na Wajerumani huita kundi hili lote kwa jina la Kimisri, na viwanda vya karne ya 20 viliendelea kuzipa herufi za namna hiyo majina ya miji na mahekalu ya huko.

Kutengeneza herufi kubwa kwa risasi kulihitaji ufundi wa pekee. Herufi yenye kimo cha sentimita kadhaa haikuweza kugongomewa katika shaba kwa urahisi, kwa kuwa feleji ilihitaji nguvu nyingi mno na shaba ilipasuka au kupinda. Mnamo miaka ya 1810 William Caslon wa Nne alipata njia nyingine: alikata umbo la herufi katika bamba la shaba likatoboka kabisa, kisha akaligandamiza kwa misumari juu ya bamba jingine lililo zima. Kalibu ya namna hiyo ilitoa herufi zenye kingo kali na pembe sawasawa. Njia hiyo ilizifaa sana serifi nene, kwa sababu umbo lake lilikuwa la mistari iliyonyooka na pembe mraba.

Soko lilipoonyesha kuwa mpiga chapa yuko tayari kununua kila jipya, viwanda vilianza kushindana kwa ugeni. Mnamo 1821 kampuni ya Caslon na Catherwood ilitoa herufi zilizopindua desturi: serifi na mistari ya kulala ikawa mizito, na miguu ya kusimama ikawa myembamba. Wataalamu hawakufurahi. Thomas Curson Hansard, mpiga chapa na mwandishi wa kitabu cha ufundi kiitwacho Typographia cha mwaka 1825, aliziona herufi hizi nzito kuwa ni vioja vinavyoiharibu fani. Wenye matangazo hawakumsikiliza.

Clarendon

Hatua iliyofuata ilichukuliwa katika kiwanda kilekile cha Fann Street. Robert Besley alijiunga nacho mnamo 1826 na kuwa mshirika wa Thorowgood mnamo 1838. Mwaka 1845 walitoa herufi zilizoitwa Clarendon, zilizochongwa na Benjamin Fox. Zilitofautiana na zile za Figgins kwa mambo mawili. Serifi yake iliungana na mguu kwa mkunjo mdogo badala ya pembe kavu, na unene wa mistari ulipishana kidogo. Matokeo yake ni kwamba herufi ilibaki nzito lakini ikasomeka hata ikiwa ndogo.

Usomekaji huo ulifungua kazi mpya. Kabla ya hapo mpiga chapa aliyetaka kutilia mkazo neno ndani ya matini alitumia herufi za mlazo au herufi kubwa. Clarendon ilipangwa katika mstari mmoja na herufi za kawaida, ikilingana nazo kwa kimo na mstari wa chini, na neno lililohitajika likajitokeza lenyewe. Kamusi, ratiba za treni na orodha za bei ziliipokea mara moja. Kamusi za Kiswahili za leo, zinazoweka vidahizo kwa herufi nzito na maelezo kwa herufi za kawaida, zinafuata desturi iliyoimarishwa na herufi hizo.

Besley aliisajili Clarendon chini ya sheria ya Uingereza iliyolinda michoro ya mapambo, na inasifika kuwa miongoni mwa herufi za kwanza kupata ulinzi wa namna hiyo. Ulinzi ulidumu miaka 3 tu. Ulipokwisha, viwanda shindani vilitoa nakala zao, na Besley alilalamika hadharani bila mafanikio. Jina la bidhaa moja likageuka kuwa jina la kundi zima. Besley mwenyewe aliendelea kupanda, na mwaka 1869 akachaguliwa kuwa Meya Mkuu wa London.

Mti wa Marekani

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, tatizo lilikuwa uzito na bei. Herufi kubwa ya risasi ni nzito kubeba, ni ghali, huvunjika ikianguka, na uso wake mara nyingi hubonyea inapopoa kwa sababu katikati na kando hazipoi kwa wakati mmoja. Mnamo 1827 Darius Wells wa New York alianza kutengeneza herufi za mti kwa wingi, akitumia kekee inayozunguka kwa kasi kuondoa sehemu zisizotakiwa. Mwaka 1828 alitoa katalogi ya kwanza inayojulikana ya herufi za mti. Mwaka 1834 William Leavenworth aliunganisha kekee hiyo na pantografu, mkono wa viungo unaofuata kielelezo upande mmoja na kukata umbo lilelile upande mwingine kwa ukubwa tofauti. Tangu hapo kielelezo kimoja kiliweza kuzaa herufi za vimo vingi.

Mti uliopendelewa ulikuwa mepo, mti mgumu wa Amerika ya Kaskazini wenye nyuzi zilizoshikana. Gogo lilikatwa kwa kukingama nyuzi, na herufi ikachongwa kwenye uso ule unaoonyesha miisho ya nyuzi, kwa sababu uso huo hauchaniki na hubeba wino sawasawa. Vipande vilikaushwa kwa muda mrefu, vikasuguliwa, na kupunguzwa hadi kufikia karibu milimita 23, kimo cha herufi za risasi, ili herufi za mti na za risasi zichapwe pamoja katika fremu moja. Ukubwa ulihesabiwa kwa mistari ya paika, kila mstari ukiwa na milimita 4 na ushei. Herufi ya mistari 10 ilikuwa na sentimita 4 hivi, na zilikuwepo kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Serifi nene ilikuwa kama imebuniwa kwa ajili ya mti. Mstari mwembamba wa mti hubanduka baada ya kuchapwa mara chache, ilhali serifi pana huishika herufi chini na kulinda pembe zake. Ndiyo maana wachongaji wa Marekani walizidi kuinenepesha. Katika aina waliyoiita Clarendon ya Kifaransa, serifi ilipita unene wa mguu, na herufi ikabanwa hadi kuwa ndefu na nyembamba. Umbo hilo ndilo ambalo filamu za ng'ombe na bastola zimelifanya alama ya magharibi ya Marekani.

Mchanganyiko wa maumbo katika bango moja, ambao leo huonekana kama pambo, ulitokana na hesabu ya mpangaji herufi. Kila mstari ulipaswa kujaza upana wa fremu kutoka ukingo hadi ukingo, ili herufi zikazike na zisichomoke mashine inapobana. Neno fupi lilihitaji herufi pana, na neno refu lilihitaji herufi zilizobanwa. Kama tangazo lingekuwa la Kiswahili, neno MNADA lingepangwa kwa herufi pana zinazojaza karatasi, na chini yake KESHO ASUBUHI kwa herufi ndefu nyembamba za kimo kilekile. Kwa kuwa serifi nene ilitengenezwa katika upana wa kila namna, mpangaji aliweza kupata mstari wowote alioutaka. Kizuizi kilikuwa idadi. Seti ziliuzwa kwa mgawo uliofuata lugha ya Kiingereza, ambamo e ndiyo inayorudiwa zaidi. Kwa Kiswahili, kinachotawaliwa na a, seti kama hiyo ingeishiwa mapema.

Herufi za mti zilibeba habari za kila aina: mauzo ya mashamba, sarakasi, uchaguzi, na pia mnada wa watumwa. Mwezi Aprili 1865, baada ya kuuawa kwa Rais Abraham Lincoln, Wizara ya Vita ya Marekani ilibandika bango la zawadi ya dola 100,000 lililopangwa kwa herufi kubwa nzito. Kwa upande wa urembo, William H. Page wa Connecticut alitoa mwaka 1874 kitabu cha sampuli za herufi zinazochapwa kwa rangi mbili au zaidi, kila rangi kwa kipande chake cha mti, na rangi zilipopishana zilizaa rangi nyingine. Kazi hiyo bado inahesabiwa kuwa kilele cha fani. Mwaka 1880 James Edward Hamilton alianza kutengeneza herufi huko Two Rivers, Wisconsin, kwa njia ya bei nafuu. Biashara yake ilikua hadi akainunua ile ya Page mnamo 1891 na kuwameza karibu washindani wote. Katika mji huohuo sasa kuna jumba la makumbusho linalotunza herufi na mashine hizo.

Kufifia na kurudi

Mwishoni mwa karne ya 19 litografia ya rangi iliwapa wasanii uhuru wa kuchora bango zima pamoja na maneno yake, na umuhimu wa herufi za mti ukapungua. Wapiga chapa wa Uingereza waliotaka kurejea uzuri wa vitabu vya zamani waliziona serifi nene kuwa mfano wa ubaya wa enzi ya viwanda. Kwa miaka 30 hivi zilibaki katika maduka madogo na magazeti ya mikoani.

Zilirudi kupitia Ujerumani. Paul Renner alikuwa ametoa Futura mnamo 1927, herufi zisizo na serifi zilizojengwa kwa duara na mstari mnyoofu, na soko likazipenda. Mwaka 1929 kiwanda cha Stempel cha Frankfurt kilitoa Memphis, iliyochorwa na Rudolf Wolf kwa mantiki hiyohiyo, ikiongezewa serifi za mraba za unene uleule. Mwaka 1930 Georg Trump alitoa City katika kiwanda cha Berthold cha Berlin, na Heinrich Jost akafuata na Beton katika kiwanda cha Bauer. Marekani ilijibu mwaka 1931 kwa Stymie ya Morris Fuller Benton na Karnak ya Robert Hunter Middleton. Uingereza ilitoa Rockwell mwaka 1934 kupitia kampuni ya Monotype. Herufi hizi hazikuwa na uchangamfu wa mabango ya karne iliyotangulia. Zilikuwa baridi, zenye vipimo, zikizungumza lugha ya mashine na saruji. City ndiyo iliyokuwa msingi wa nembo ya IBM aliyoichora Paul Rand mwaka 1956.

Clarendon nayo ilifufuliwa. Hermann Eidenbenz aliichora upya kwa ajili ya kiwanda cha Haas cha Uswisi mwaka 1953, na Freeman Craw akatoa yake huko Marekani mwaka 1955. Mkunjo wa serifi zake uliipa wema ambao akina Memphis hawakuwa nao, na kampuni nyingi ziliuchagua mwelekeo huo kwa majina yao. Msomaji wa Afrika Mashariki ameiona jamaa hiyo mara nyingi bila kuitambua, katika jina la Sony usoni mwa redio na la Honda ubavuni mwa tangi la pikipiki.

Taipureta

Tawi moja la serifi nene lilikua mbali na mabango. Katika taipureta kila herufi hupewa nafasi sawa, iwe i au m. Kama i ingeachwa bila serifi, pengo pande zake lingekata neno. Serifi ndefu za kulala huijaza nafasi hiyo na kuufanya mstari uonekane mfululizo. Kwa sababu hiyo herufi za taipureta nyingi ni serifi nene kwa umbo, ijapokuwa ni nyembamba kwa uzito. Iliyofahamika zaidi ni Courier, iliyochorwa na Howard Kettler kwa ajili ya IBM katika miaka ya 1950. Barua za ofisi, hati za mahakama na karatasi za mitihani katika Kenya, Uganda na Tanzania zilipigwa kwa herufi za ukoo huu kwa miongo kadhaa, hadi kompyuta zilipoingia. Mwaka 1974 Joel Kaden na Tony Stan waliligeuza umbo hilo kuwa herufi za matangazo zilizoitwa American Typewriter, ambazo Milton Glaser alizitumia katika nembo ya kuipenda New York.

Filamu na kompyuta

Upangaji herufi kwa filamu, ulioenea kuanzia miaka ya 1960, uliondoa mipaka ya risasi na mti. Herufi ziliweza kukaribiana hadi kugusana, na kukuzwa kwa kiasi chochote. Adrian Frutiger alitoa Serifa mwaka 1967, na Lubalin Graph ikafuata mwaka 1974, ikitokana na kazi ya Herb Lubalin. Kompyuta iliendeleza uhuru huo na kuleta jambo jipya, herufi zinazogawiwa bure. Mwaka 2009 Meredith Mandel alitoa ChunkFive kupitia kundi la The League of Moveable Type, serifi nene nzito sana iliyochukua roho ya mabango ya mti na vichwa vya magazeti ya Marekani. Mwaka 2013 Google ilitoa Roboto Slab. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada, isipokuwa kikoma cha juu cha ng', fonti hizo zinakifaa bila marekebisho yoyote.

Kanuni za kuzitumia hazijabadilika sana tangu 1815. Serifi nene na nzito hufaa maneno machache yaliyo makubwa: kichwa cha habari, jalada la kitabu, kibao cha duka, bango la mkutano. Katika aya ndefu matundu ya ndani ya a na e huziba, maneno hufanana kwa weusi, na jicho huchoka. Zikipangwa kwa ukubwa, nafasi kati ya herufi inaweza kupunguzwa, kwa sababu serifi zenyewe hushikamanisha neno. Nafasi kati ya mistari nayo hupunguzwa, ili maneno yasimame kama kitu kimoja. Matini inayofuata chini yake husomeka vizuri ikipangwa kwa herufi nyepesi, ama zisizo na serifi au za vitabu, kwani herufi mbili nzito zikikaa pamoja hushindana, na tangazo hupoteza nguvu iliyofanya serifi nene ibuniwe.